Rekodi Zilizopikwa Kati ya Kitale na Bungoma

Ukipanda matatu Kitale kuelekea Webuye, barabara inateremka taratibu kiasi kwamba abiria wengi hawahisi. Kitale iko kwenye mwinuko wa mita 1,900 hivi. Ukishapita Kiminini, Kamukuywa na Misikhu, ukakata kulia Webuye na kushukia Bungoma mjini, umeteremka karibu mita 500. Kwenye kipande hicho cha nchi na milima inayokizunguka, miili ya watu imekimbizwa, imetolewa damu, imelishwa unga wa kila aina na kupimwa urefu kwa bidii ambayo miji mingi mikubwa haijaiona.

Orodha hii ni ya rekodi, ila si zote za medali. Nyingine ni za kilichotangulia vingine vyote, kilichokuwa kikubwa kupita kiasi, au kilichowaacha wataalamu wakikuna vichwa. Zote zinahusu tabia moja ya mwili: hujifinyanga kufuata hewa unayovuta, chakula unachopata na mzigo unaotwishwa. Mara nyingine ukijifinyanga hutoa bingwa. Mara nyingine hujibana ili uponee tu, na hapo hakuna anayepiga makofi.

Siku nane zenye kasi kuliko zote

Ben Jipcho alizaliwa Mlima Elgon mwaka 1943, na baada ya mbio akaishi Trans Nzoia hadi alipofariki Julai 2020. Wengi humkumbuka kwa fainali ambayo hakushinda. Mwaka 1968, Mexico City, katika mita 1,500 za Olimpiki, yeye ndiye aliyekuwa sungura. Alitoka kama aliyechomwa na siafu, akamaliza mzunguko wa kwanza kwa sekunde 56 hivi, kasi ambayo kwenye mwinuko wa mita 2,240 ilikuwa wazimu. Lakini wazimu huo ulikuwa na hesabu. Jim Ryun wa Marekani, mwenye rekodi ya dunia, alikuwa hatari katika mita 300 za mwisho, nayo hewa ya Mexico haimsamehi anayetumia oksijeni kabla ya wakati wake. Ryun akabaki nyuma, Kipchoge Keino akatwaa dhahabu kwa 3:34.9 akiwa ameacha pengo la mita 20 hivi, na Jipcho akaishia mbali na medali. Kama kuna rekodi ya kujitolea uwanjani, mimi ningempa yeye.

Zamu yake ilifika baada ya miaka mitano. Helsinki, tarehe 19 Juni 1973, alikimbia mita 3,000 za kuruka viunzi na maji kwa 8:19.8, rekodi ya dunia. Tarehe 27, mji uleule, akaivunja yake mwenyewe kwa 8:14.0. Mwaka uliofuata, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Christchurch, alishinda mita 5,000, akashinda viunzi na maji, kisha akapata shaba katika mita 1,500, mbio zilezile ambazo Filbert Bayi wa Tanzania alizianza mbele, akazimaliza mbele na kuweka rekodi ya dunia. Mbio za masafa matatu, medali tatu, miguu ni ile ile miwili. Makocha wa leo wangeona kazi hiyo ni kumuua mwanariadha.

Mlima huohuo ukatoa ukoo wa kina Masai. Moses na dada yake Linet walikwenda Berlin mwaka 2009 kwa Mashindano ya Dunia, wote wawili katika mita 10,000. Linet alikuwa na miaka 19. Meselech Melkamu wa Ethiopia alikuwa ameshaona utepe na kuanza kusherehekea, Linet akamponyoka pembeni na kumpita kwa sehemu ya kumi ya sekunde: 30:51.24 dhidi ya 30:51.34. Siku mbili baadaye kaka mtu akachukua shaba. Mwaka mmoja kabla, kule Beijing, msichana huyo alikuwa amekimbia 30:26.50, rekodi ya dunia ya vijana.

Ila anayenishangaza zaidi ni Edith Masai, naye wa Mlima Elgon, mwajiriwa wa Magereza. Alishinda mbio fupi za nyika za dunia mara tatu mfululizo, 2002, 2003 na 2004. Amezaliwa Aprili 1967, kwa hiyo ushindi wa tatu aliupata zikiwa zimebaki siku chache atimize miaka 37, umri ambao wenzake wengi walikuwa wameshapachika viatu ukutani. Wanafisiolojia wanajua kwamba uwezo wa moyo kusukuma damu hupungua kadiri miaka inavyosonga, lakini hupungua polepole kwa asiyeacha mazoezi. Edith alikuwa ushahidi unaotembea, au tuseme unaokimbia.

Upande wa Uganda wa mlima huohuo, Joshua Cheptegei alivunja rekodi mbili za dunia za uwanjani katika muda wa siku 54 mwaka 2020: mita 5,000 kwa 12:35.36 mjini Monaco, na mita 10,000 kwa 26:11.00 mjini Valencia. Mpaka uliochorwa na wakoloni umegawa medali za Elgon kati ya bendera mbili, ila hewa haijagawanyika.

Damu inayopanda na kushuka

Hewa ya Kitale ina oksijeni kwa kiwango kilekile cha Mombasa, asilimia 21 hivi. Kinachopungua ni kani inayoisukuma iingie mapafuni, na Kitale imepungua kwa takriban moja ya tano. Figo ndizo hugundua upungufu huo. Huachia homoni iitwayo erithropoyetini, nayo huuamuru uboho wa mifupa utengeneze seli nyekundu zaidi. Jinsi seli zinavyotambua kwamba oksijeni imepungua ilikuwa kitendawili kwa miaka mingi, na waliokitegua, William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza, walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2019.

Watu hudhani mwanariadha wa Bonde la Ufa amezaliwa na damu nzito isiyoisha. Mwaka 2010 watafiti wa Ujerumani walichapisha vipimo vya wakimbiaji hodari wa Kenya walioteremka kwenda kufanya mazoezi huko, karibu na usawa wa bahari. Jumla ya hemoglobini mwilini mwao, kwa kila kilo ya uzito, haikuwa tofauti na ya Wajerumani wenye kiwango sawa cha mbio. Na baada ya wiki sita hivi kwenye hewa nzito, ikawa imeshuka kwa asilimia 6 hivi. Mwili hautunzi akiba usiyoihitaji. Ndiyo maana wakimbiaji hukimbilia nyumbani msimu wa mashindano Ulaya unapokatika, na wala si kwa kumkosa mama tu.

Waliosaka jeni moja ya mbio nao wamerudi mikono mitupu. Kilichopatikana ni mchanganyiko: mashavu membamba ya miguu, utoto wa kutembea sana, mwinuko, ushindani mkali wa vijijini, na chakula.

Sahani yenye wanga mwingi kuliko zote

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Mwaka 2004 Vincent Onywera wa Chuo Kikuu cha Kenyatta na wenzake, wakiwemo wa Glasgow, walichapisha matokeo ya jambo ambalo kila mpishi wa kambi alikuwa analijua na hakuna aliyelipima vizuri. Kwa siku saba walipima kila kilichoingia kinywani mwa wakimbiaji kumi wa kiwango cha juu. Asilimia 76.5 ya nguvu zote ilitoka kwenye wanga. Mafuta yalikuwa asilimia 13.4 na protini 10.1. Ugali peke yake ulileta asilimia 23 ya nguvu. Kilichofuata karibu kabisa si nyama wala maziwa. Ni sukari, asilimia 20, nyingi ikipitia kwenye chai.

Wauzaji wa protini za mikebe hawapendi jedwali hilo. Kambini hakukuwa na vidonge wala unga wa maajabu. Kulikuwa na ugali, wali, mkate, viazi, maharagwe, kabeji, sukuma wiki, maziwa, na nyama kidogo mara chache kwa wiki. Kama umewahi kuingia jiko la kambi ya wakimbiaji, sufuria unaijua: nyeusi kwa nje, pana kiasi kwamba anayesonga ugali husimama na kuushika mwiko kwa mikono miwili kama anayepiga kasia. Unga ni wa gorogoro kadhaa kwa mlo mmoja. Ukishaiva hupinduliwa kwenye sinia na kukatwa kwa uzi au kwa sahani, kila mtu kipande chake. Halafu watu wenye rekodi za dunia wanakaa kwenye viti vya plastiki wakimega kimya, na mazungumzo huanza chai inapoletwa.

Wanga huo una kazi yake. Misuli hujiwekea akiba iitwayo glikojeni, na mkimbiaji anayetoka mara mbili kwa siku huimaliza akiba hiyo upesi. Watafiti waliona wakimbiaji hao hula punde tu baada ya mazoezi, wakati misuli inapofyonza sukari kwa pupa kuliko saa nyingine yoyote. Kila kilo ya mwili ilipata gramu 10 hivi za wanga kwa siku, kiasi ambacho vitabu vya lishe ya michezo hupendekeza kwa mazoezi mazito zaidi. Hakuna aliyewasomea vitabu hivyo. Walikuwa wanakula cha nyumbani.

Jedwali hilo lina kitu kingine. Walikula kalori 2,987 kwa siku na walichoma 3,605. Wakapungua uzito kidogo katika wiki hiyo moja. Uchunguzi wa baadaye uliotumia maji yaliyowekewa alama ya kikemia, kipimo kinachoaminika zaidi, nao ulikuta upungufu kama huo kabla ya mashindano. Wapo wanaosema ni mbinu, kwamba mwili mwepesi hubebeka kwa nguvu chache. Mimi naamini nusu ya maelezo hayo. Kwa mwezi mmoja kabla ya mbio kubwa, sawa. Kwa mwaka mzima, hasa kwa wasichana, mwili huanza kufunga milango: hedhi hukatika, mifupa hudhoofika, jeraha dogo linakataa kupona. Sayansi ya michezo sasa ina jina la hali hiyo, na makambi mengi bado hayana mtu wa kuitambua.

Mbegu iliyoenea haraka kuliko zote

Ugali huo una shina lake Kitale. Mwaka 1955 Michael Harrison alianza kuzalisha mbegu za mahindi kwenye kituo cha utafiti cha mji huo. Alipata mbegu iliyoitwa Kitale Synthetic II, akaipandisha na mahindi yaliyoletwa kutoka Amerika Kusini, Ecuador 573. Mtoto wa ndoa hiyo ni Hybrid 611, aliyetolewa kwa wakulima mwaka 1964, akiwapita wazazi wa Kitale kwa mavuno ya asilimia 40 hivi. Kampuni ya Mbegu ya Kenya, ambayo ilianzishwa Kitale mwaka 1956 kwa ajili ya mbegu za nyasi za malisho, ikageuka kuwa muuzaji wake.

John Gerhart alipozunguka magharibi mwa Kenya miaka ya 1970 akifuatilia jinsi mbegu hiyo ilivyosambaa, aligundua kwamba wakulima wadogo wa huku waliipokea kwa kasi kuliko wakulima wa mahindi wa Marekani walivyozipokea mbegu chotara katika miaka ya 1930 na 1940. Hiyo ni rekodi ambayo haina mnara wala barabara iliyopewa jina lake. Ila ndiyo iliyoondoa mtama na wimbi sahanini mwa watu wengi wa Bungoma, na gharama ya badiliko hilo tutaikuta mbele. Wimbi lina madini ya kalisi na chuma kwa wingi. Mahindi meupe yana wanga kwa wingi, na basi.

Mzigo usio na uzito

Mwaka 1986 jarida la *Nature* lilichapisha ugunduzi wa Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake. Waliwatembeza kina mama wa Kijaluo na Kikikuyu kwenye mashine huku wakipima oksijeni wanayotumia. Mama aliyezoea kubeba aliweza kuongezewa mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wake bila matumizi yake ya nguvu kuongezeka hata kidogo. Askari aliyebeba mkoba mgongoni hawezi. Maelezo yalikuja 1995: mwendo wa kutembea hufanya kazi kama pendulamu, na wanawake hao, wakiwa na mzigo, huhifadhi nguvu nyingi zaidi kila hatua kuliko wanapotembea mikono mitupu. Waliopimwa hawakuwa wa Bungoma, ila yeyote aliyeona mama akitoka soko la Chwele na debe juu ya ngata, mikono yote miwili ikiwa huru, anajua vipimo hivyo vingetoka vipi.

Kabla hujawasifu sana, kumbuka ni asilimia 20. Mtungi wa maji wa lita 20 kichwani mwa mama wa kilo 55 umeshapita theluthi moja, na hapo mwili unalipa. Shingo ndiyo hutoa stakabadhi.

Waliofuata chumvi mbali zaidi

Rekodi hii ni ya ndovu. Katika Mlima Elgon, upande wa Trans Nzoia, kuna pango la Kitum, linaloingia mlimani kiasi cha mita 200. Ndovu huingia humo usiku, gizani totoro, wakipapasa njia kwa mkonga, na kuchokoa ukuta kwa pembe ili watafune mwamba wenye chumvi ya sodiamu. Mvua nyingi za mlimani hufua madini kutoka kwenye udongo, majani yanabaki bila chumvi ya kutosha, na mwili mkubwa kama ule hauwezi kuishi bila sodiamu. Wafugaji wa Kisabaoti nao wamekuwa wakipeleka ng'ombe mapangoni kwa sababu hiyohiyo.

Pango hilo lina sifa nyingine mbaya. Mwaka 1980 Mfaransa aliyekuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha sukari cha Nzoia, Bungoma, alilizuru na muda mfupi baadaye akafa Nairobi kwa virusi vya Marburg. Daktari aliyemhudumia, Shem Musoke, aliambukizwa akapona, na aina hiyo ya virusi ikabeba jina lake kwenye maabara za dunia.

Chembe za urithi zinazosomwa zaidi

Mtafiti wa jeni aliye Seoul au Boston huenda hajui Webuye iko wapi, lakini herufi LWK anazijua. Ni kifupi cha Waluhya wa Webuye, Kenya, moja ya jamii 26 zilizochaguliwa kwenye mradi wa Jinomu 1000. Ulipokamilika mwaka 2015 ulikuwa umesoma chembe za urithi za watu 2,504 kutoka duniani kote na kuziweka wazi kwa kila anayetaka. Damu waliyoitoa watu wa mji ule wa kiwanda cha karatasi imetumika katika tafiti zisizohesabika. Majina yao hayajulikani, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa.

Miongoni mwa mambo yanayosomwa humo ni alama ya vita vya kale kati ya mwili na malaria. Aliyefungua mlango huo ni Anthony Allison, aliyekulia Gilgil. Mwaka 1949 alizunguka Kenya akipima damu, akaona kwamba chembe ya selimundu ni nyingi pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, na ni adimu nyanda za juu. Miaka michache baadaye alifanya jaribio ambalo leo hakuna kamati ya maadili ingeliruhusu: aliwaambukiza malaria Wajaluo 30 waliojitolea. Kati ya 15 wasio na chembe hiyo, 14 walipata vimelea. Kati ya 15 walio nayo, ni wawili tu. Alichapisha mwaka 1954.

Ukiteremka kutoka Kitale hadi Bungoma, basi, unapita kwenye mstari huo wa Allison. Juu, mwili huongeza seli nyekundu kwa sababu ya hewa. Chini, mbu analeta kimelea kinachozipasua seli hizohizo, na vizazi kwa vizazi mwili ukajibu kwa kuzibadilisha umbo. Mtoto aliyerithi chembe moja hupata kinga. Aliyerithi mbili, ya baba na ya mama, huugua maisha yake yote. Bungoma iliwekwa kwenye kundi la kaunti nane zilizoanza kutoa chanjo ya kwanza ya malaria kuanzia Septemba 2019, kinga ambayo mtoto haidai kutoka kwa wazazi wake.

Jeraha lililohesabiwa kwa makini zaidi

Kila Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili, Bungoma huwa na wavulana wanaokimbia barabarani wakipiga njuga, wakialika jamaa kwenye tohara. Kwa siku kadhaa kijana hazami usingizini vizuri, anacheza, anatembea maili nyingi, halafu alfajiri anashushwa mtoni, anapakwa matope ya baridi na kusimama bila kupepesa. Huo ni msongo wa mwili wa kila namna kwa pamoja. Baridi hufinya mishipa ya damu, adrenalini huzima maumivu kwa muda. Wazee hawakuhitaji maneno hayo ili wajue.

Robert Bailey, Omar Egesah na Stephanie Rosenberg walifuatilia wavulana 1,007 wa Bungoma waliotahiriwa mwaka 2004, na matokeo yakachapishwa 2008 kwenye jarida la Shirika la Afya Duniani. Waliopitia kwa mngariba wa kijadi walipata matatizo kwa asilimia 35. Hilo halikushangaza wengi. Kilichoshangaza ni upande wa pili: waliopelekwa kliniki, asilimia 18. Mtu akivaa koti jeupe bila vifaa na bila mafunzo, kisu hakijui tofauti. Idadi hizo zilisukuma mafunzo ya wahudumu magharibi mwa Kenya wakati tohara ilipoanza kutumiwa kama kinga dhidi ya VVU.

Utafiti mkubwa kuliko yote, na jibu lisilotarajiwa

Kuanzia mwishoni mwa 2012 hadi 2014, watafiti waliandikisha wajawazito 8,246 katika Bungoma, Kakamega na Vihiga. Mradi uliitwa WASH Benefits. Vijiji viligawanywa kwa kura. Vingine vilipewa klorini ya kutibu maji, vingine vyoo, vingine vifaa vya kunawa mikono, vingine lishe, vingine vyote kwa pamoja, na vingine havikupewa chochote kati ya hivyo. Lishe ilikuwa ushauri wa kunyonyesha, na kuanzia miezi sita, pakiti ndogo za lishe yenye mafuta, karanga, maziwa, vitamini na madini, zinazochanganywa na chakula cha mtoto. Miaka miwili baadaye watoto walilazwa kwenye ubao na kupimwa urefu.

Kila mtu alitegemea kwamba maji safi na vyoo vingerefusha watoto. Matokeo yaliyotoka 2018 yalisema hapana. Klorini, vyoo na sabuni havikuongeza urefu, wala kwa Kenya havikupunguza kuhara. Walioongezeka ni watoto waliopata lishe, na hata wao kwa kiasi kidogo, pungufu ya sentimita moja. Kuviunganisha vyote hakukuzidi lishe peke yake. Wafadhili waliomwaga pesa kwenye vyoo vya bei nafuu walikunja uso. Nadhani walikuwa wameuliza swali sahihi na kutarajia jibu la bei rahisi: kijiji chenye kuku, ng'ombe na kinyesi uani hakisafishwi na kibuyu chirizi kimoja.

Ukubwa wa tatizo unaonekana kwenye takwimu za kitaifa. Utafiti wa afya ya jamii wa 2014 ulikuta udumavu kwa asilimia 26 ya watoto wa Kenya walio chini ya miaka mitano. Trans Nzoia, ghala la mahindi la nchi, ilikuwa asilimia 29. Bungoma 24. Kufikia 2022 kiwango cha nchi kilikuwa kimeshuka hadi 18, hatua kubwa, lakini ile ya Trans Nzoia ya 2014 bado inanikera. Magunia ya kilo 90 yamepangwa hadi darini, na mtoto ni mfupi.

Anakuwa mfupi kwa sababu ugali unaomtosha bingwa haumtoshi yeye. Bingwa ameshakua. Anahitaji mafuta ya injini, na wanga ni mafuta mazuri. Mtoto wa mwaka mmoja anajenga gari lenyewe. Protini ya mahindi ina upungufu wa laisini na triptofani, vijenzi ambavyo mwili hauwezi kujitengenezea. Tumbo lake ni dogo, uji wake ni mwepesi, na homa za mara kwa mara zinakula hata kile kidogo. Mwili unachagua: ubongo na moyo vipewe kwanza, mifupa mirefu isubiri.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mwanauchumi David Seckler aliyaona haya na kusema kwamba mtu mfupi kwa sababu ya njaa ndogondogo ni mdogo tu lakini mzima, amezoea mazingira yake. Reynaldo Martorell na wengine walimjibu vikali. Kilichoufupisha mwili, walisema, kiligusa mengine pia: akili darasani, nguvu shambani, uzazi wa baadaye. Ubishi huo ungefaa kusomwa katika kila ofisi ya kaunti. Hemoglobini ya mkimbiaji hushuka Ujerumani na kupanda tena akirudi Kitale. Urefu uliopotea kabla ya miaka miwili haurudi hivyo.

Kiazi kilichopelekwa kliniki

Ya mwisho ni ndogo, na ndiyo ninayoipenda. Kati ya 2010 na 2014, Bungoma na Busia, Kituo cha Kimataifa cha Viazi na shirika la PATH, pamoja na watafiti wa kilimo wa Kenya, walijaribu kitu ambacho wizara mbili zilikuwa hazijawahi kufanya pamoja. Mama mjamzito akienda kliniki, muuguzi alimpa ushauri wa lishe na kuponi. Kwa kuponi hiyo alikwenda kwa mkulima wa jirani na kupewa mashina ya viazi vitamu vya rangi ya machungwa, apande kwake.

Rangi hiyo ni beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Mahindi meupe hayana. Mahindi ya manjano yanayo kiasi, ila Wakenya wengi waliyakataa tangu yalipoletwa kama msaada wakati wa ukame wa 1984. Kiazi hakikuwa na historia hiyo. Watoto walikipenda kwa utamu, kina mama walikipenda kwa sababu kinaiva ndani ya miezi minne hivi na hakidai mbolea nyingi, na kina mama walioingia kwenye mpango wakawa wanakula vitamini A zaidi kuliko wenzao.

Tatizo lake ni la mbegu. Kiazi hiki hakipandwi kwa punje zinazowekwa kwenye debe hadi mvua inyeshe. Kinapandwa kwa mashina mabichi, na kuanzia Desemba hadi mvua za Machi, jua la Bungoma huyakausha. Wakulima waliofanikiwa ni wale waliokuwa na kipande cha tindiga au kando ya mto, wakahifadhi mashina kwenye unyevu, na Machi ikifika wakawauzia majirani kwa fungu.